Joto la Mkwe, Sehemu ya Tisa: Kadi Safi za Mtaa wa Juu

Tulipoachana wiki iliyopita, Daktari alikuwa amepiga magoti stoo, boksi mapajani. Kuna msomaji kanipigia simu kunigombeza, eti wiki nzima hali chakula kikashuka kwa sababu ya boksi. Haya ndugu yangu, tunalifungua sasa hivi, maana hata mimi limenichosha.

Boksi lilikuwa halijawahi kuguswa. Gundi nzima. Ndani, chupa kumi na mbili za dawa ya kinga zilikuwa zimejipanga kwenye vitundu vyake, haikukosekana hata moja.

Vifuniko vyake vilikuwa vya bluu.

"Bwana Lakini," Daktari aliita. "Njoo uone."

Mtunza stoo alichungulia mlangoni. Pale kituo cha utafiti wa mifugo wote wanamwita Bwana Lakini, kwa sababu hajawahi kuanza sentensi kwa neno jingine.

"Lakini hilo boksi liliingia mwezi uliopita, Daktari."

"Siku ya chanjo nilikwambia unipe nini?"

"Lakini ulisema nikupe njano. Nikakupa njano."

Daktari alifumba macho.

Wewe unayeanza kutusoma leo, sogea karibu nikueleze haraka. Pale kituoni hakuna anayeita dawa kwa jina lake. Majina yenyewe marefu, yanavunja ulimi. Wao huita kwa rangi ya kifuniko. Nyekundu ya minyoo, kijani ya macho, njano ya kinga. Miaka yote hiyo njano ni kinga. Sasa huko kiwandani mtu kaamka asubuhi, kabadilisha vifuniko, hakumuuliza mtu. Kinga ikawa bluu. Njano wakaivisha dawa nyingine, nyepesi, ambayo kesho yake tu imeshakwisha mwilini.

Na lebo? Lebo ilikuwepo, imeandikwa wazi. Ila chanjo yenyewe ikishatoka kwenye barafu ina saa nne tu, zikipita ni ya kumwaga. Ng'ombe arobaini na mmoja wako foleni, wenye ng'ombe wanapiga kelele, jua linawaka. Nani asome lebo?

Alipaswa kusoma yeye. Hilo Daktari alilijua, na ndilo lililomkata maini.

Maana chanjo ya ndigana, ile homa ya kupe, si chanjo ya mchezo. Unampa ng'ombe vijidudu hai. Sindano ya kwanza, upande mmoja wa shingo, ni ugonjwa wenyewe. Sindano ya pili, upande wa pili, ni dawa ya kinga ya kuushika ugonjwa huo mkono mpaka mwili ujifunze kupigana. Ukitoa ya kwanza bila ya pili hujachanja. Umeambukiza.

Alikuwa ameambukiza ng'ombe arobaini na mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Na leo ilikuwa siku ya kumi na tatu.

Na aliyesimama wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mkwe, ng'ombe wa mama yake mzazi.

Msicheke jina. Mama alimpa jina hilo kwa hasira. "Nimesubiri mkwe miaka kumi," alimwambia binti yake, "naona huna haraka. Nimejinunulia mwenyewe." Mkwe alikuwa na mimba ya miezi minane na ushee, na Daktari alimkatalia kabisa kumchanja. Mama akagoma kutoka kwenye foleni. "Wakiona nimemtoa Mkwe na mimba yake, wote watakuja. Wasipomwona, nani atakuamini wewe? Hawa wanakujua tangu unakojoa kitandani." Daktari akanywea, akamdunga. Na kweli, wote wakaja.

Mlango wa stoo ukasukumwa. Mkuu wa kituo huyo, kikombe cha chai mkononi.

"Mbona mmekaa chini kama mnaomboleza?"

Daktari alimweleza. Hakuzunguka. Maneno matano tu, "Mkuu, nilidunga dawa isiyo yenyewe," kisha akamwonyesha kifuniko.

Mkuu alitazama bluu, akatazama njano. Chai ilimwagikia kidole, hakuonekana kuihisi.

"Nani mwingine anajua?"

"Bwana Lakini."

"Lakini mimi sijui kitu," Bwana Lakini akawahi.

"Vizuri. Na iwe hivyo hivyo. La kifuniko linabaki humu stoo. Kwa watu utasema chanjo imekuja na homa kali kidogo. Umenielewa?"

"Mkuu, ng'ombe wa watu watakufa."

"Ndiyo maana nakuuliza, kadi zinasemaje?"

Walitoka mbio mpaka ofisini. Kila ng'ombe alikuwa na kadi ya kuandikiwa joto lake asubuhi na jioni. Kadi za Mtaa wa Chini ndizo zilizomkimbiza Daktari stoo sehemu iliyopita, mnakumbuka. Tangu siku ya tisa namba zilikuwa zinapanda: thelathini na tisa na nusu, arobaini, arobaini na moja. Kadi za Mtaa wa Juu ndiyo kwanza zimefika asubuhi hiyo, bado zimefungwa mpira.

Daktari alichomoa ya juu kabisa. Mkwe. Thelathini na nane na nusu. Siku ya tisa, thelathini na nane na nusu. Siku ya kumi na mbili, thelathini na nane na nusu. Ng'ombe mzima wa afya.

Akachomoa ya pili, ya tatu, ya nne. Kadi zote kumi na mbili za Mtaa wa Juu zilikuwa safi, hamna homa hata ya dawa.

"Inawezekanaje?" Mkuu akauliza. "Foleni moja, siku moja, sindano moja!"

Bwana Lakini alikohoa mlangoni.

"Lakini kulikuwa na chupa mbili tatu za zamani, Mkuu. Njano ya ukweli. Ndizo nilizotoa kwanza, ziishe."

Na Mtaa wa Juu ndio waliotangulia kwenye foleni! Mama alihakikisha hilo kwa viwiko vyake.

Daktari alikaa kwenye kiti akacheka, machozi yanamtoka. Msimlaumu. Nafuu ikija ghafla namna ile huleta hata kicheko kisichokuwa na adabu. Kumi na wawili wamepona. Mkwe amepona. Wamebaki ishirini na tisa wa Mtaa wa Chini, na hao kinga haiwafai tena, ila wana tiba, iko kwenye friji.

Mkuu alifungua friji. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Chupa tisa," akasema.

Chupa moja, ng'ombe mmoja. Simu ikapigwa mjini. Mjini wakajibu kwa upole kabisa kwamba gari la dawa linatoka keshokutwa. Upole wa mtu ambaye ng'ombe si wake.

"Fuata mwongozo," Mkuu akasema.

Mwongozo ulikuwa ukurasa mmoja, umebandikwa ukutani. Tiba ikiwa haba, apewe mwenye homa ambaye bado anakula. Anayehema kwa shida na kutoa povu puani aachwe, kwa kuwa dawa haitamsaidia. Daktari aliuandika mwenyewe mwaka juzi, mezani, akiwa ameshiba. Neno "aachwe" alilipigia mstari kwa rula.

Saa nne asubuhi gari la kituo likaingia Mtaa wa Chini.

Nyumba ya kwanza, arobaini na moja, anakula. Chupa ya kwanza ikaenda. Nyumba ya pili, arobaini na nukta mbili, anakula. Chupa ya pili. Watu walikuwa wanamshukuru. Mwanamke mmoja alimshika mikono yote miwili, akamwombea maisha marefu, na Daktari alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumba ya tano alimkuta Babu wa Redio. Wanamwita hivyo kwa sababu redio haimtoki kwapani. Siku hiyo ilikuwa imezimwa. Babu alikuwa amekaa chini bandani, kichwa cha ng'ombe mapajani, anamfukuzia nzi kwa kofia yake. Ng'ombe alikuwa anahema kwa mdomo wazi. Povu jeupe lilimtoka puani, likaloanisha suruali ya mzee.

"Umekuja, mjukuu wangu," Babu akasema. "Nilijua utakuja. Mdunge basi."

Daktari alipima joto, wala hakuhitaji. Akapapasa tezi chini ya sikio, zimevimba kama viazi.

"Babu, huyu..."

"Huyu nini?"

"Dawa haitamsaidia, Babu. Imechelewa."

"Wewe dunga tu. Isaidie isisaidie ni juu yake."

"Siwezi. Zimebaki chache."

Babu alimtazama, wala hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliinamisha kichwa akaendelea kufukuza nzi. Daktari alisimama pale, sindano mfukoni, hajui aondoke vipi. Mwisho akaondoka kinyumenyume.

Wanne aliwaacha namna hiyo. Wanane aliwadunga. Saa saba alifika kwa Fundi Baiskeli, ambaye ana ng'ombe wawili na ulimi mmoja unaofanya kazi ya ndimi kumi.

"Daktari! Chanjo gani hii jamani? Ng'ombe wangu walikuwa wanaumwa njaa tu, sasa wanaumwa kila kitu!"

Kipimo cha joto kikasema arobaini na nukta nne kwa mmoja, mwingine salama. Mwenye homa alikuwa bado anatafuna, taratibu, kama mzee asiye na meno. Kwa mwongozo huyu ni wa kudungwa, tena upesi.

Chupa ilikuwa moja.

Hapo moyo wa Daktari ukasita. Kadi ya Mkwe ilikuwa safi, ndiyo. Lakini moyo wa mtoto kwa mama yake hausomi kadi. Alitoka uani, akapiga simu.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo. Umekula?"

"Mama, Mkwe anaendeleaje?"

"Si nimekuletea kadi?"

"Kadi nimeiona. Nakuuliza wewe. Mama, niambie kweli. Kuna homa imeingia Mtaa wa Chini, mbaya sana. Nimebakiwa na dawa ya ng'ombe mmoja tu. Nikishampa huyu hapa, basi tena mpaka gari lije."

 Daktari alidhani mtandao umekatika.

"Mama?"

"Niko hapa," Mama akasema. "Huyo wa hapo atapona ukimpa?"

"Atapona."

"Basi mpe mwenye shida. Mkwe hajambo, anacheua."

Daktari alirudi bandani, akavuta dawa yote kwenye sindano, akamdunga ng'ombe wa Fundi Baiskeli shingoni. Fundi akampigia makofi. Ya tisa ikaenda.

Sasa msomaji wangu, mimi nawe tumeshaanza kukunja uso. Daktari hakukunja. Alikuwa amechoka, na alimwamini mama yake. Alisema moyoni, niende kwa Mama, ninywe maji, nimweleze ukweli wa kifuniko. Hata kama Mkuu amekataza. Mama haambiwi uongo.

Mtaa wa Juu ulikuwa kimya kupita kiasi. Mabanda yote milango imefungwa, mchana kweupe. Ng'ombe mmoja akakohoa nyuma ya ukuta. Mwingine akaitikia kwa kikohozi nyumba ya pili. Daktari alipunguza mwendo. Akajiambia ni vumbi.

"Hodi, Mama!"

Mama alitoka haraka mno. Akasimama katikati ya geti, mkono huku na mkono huku, kama anayemzuia mdai.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapa barazani, nikuletee maji."

"Nimwone Mkwe kwanza."

"Amelala."

"Saa nane mchana?"

"Na wewe mjamzito ungelala. Ila wewe utajuaje?"

Siku nyingine Daktari angecheka. Leo alimtazama mama yake usoni, akaona macho mekundu na kanga iliyolowa mpaka magotini. Puani ikamfikia harufu ambayo alikuwa ametembea nayo tangu asubuhi.

Alimsogeza mama yake pembeni. Ndiyo mara ya kwanza maishani kumsukuma.

Mkwe alikuwa amelala ubavu nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, ametandikiwa magunia. Mama alikuwa amemfunika na shuka la kitandani. Povu lilikuwa limejaa kwenye beseni chini ya pua, na beseni lenyewe lilikuwa la pili, la kwanza limejaa limewekwa pembeni. Mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka kwa nguvu, na kila pumzi ilitoka na mlio kama wa mtu anayekunywa uji.

Daktari alikaa palepale.

"Tangu lini?"

Mama aliinama akalinyoosha shuka.

"Mama! Tangu lini?"

"Siku ya tisa."

"Kadi! Kadi inasema thelathini na nane na nusu! Asubuhi na jioni!"

"Nilikuwa naandika ile namba ya kwanza kila siku," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Si wewe ulisimama pale mkutanoni ukasema homa kidogo ni kawaida, ni chanjo inafanya kazi? Nikasema itashuka kesho. Na yule mkubwa wako akasema homa ikizidi hili jaribio lenu la chanjo linafungwa. Likifungwa na wewe unafungiwa nje. Nilisema nikivumilia siku mbili itashuka. Kila siku nikasema kesho."

"Na simu? Saa moja iliyopita! Nilikuwa na dawa mkononi, Mama!"

"Wewe ulisema huyo wa pale atapona. Na mimi namwona wangu. Mimi si mjinga."

Daktari alimshika Mkwe kichwani, akalia kwa sauti, kama alivyokuwa akilia kwenye uwanja ule ule akiwa na miaka sita. Hakuna alichoweza kufanya. Miaka saba ya chuo, maabara nzima, na hakuwa na hata kijiko cha dawa.

"Kosa ni langu," alisema. "Mama, nisikilize. Si chanjo, ni mimi. Nilichukua chupa isiyo yenyewe. Sikusoma lebo. Nimewaambukiza wote."

Mama alitupa jicho getini.

"Umemwambia nani?"

"Mkuu anajua. Amesema ninyamaze."

"Basi nyamaza. Kwa mara ya kwanza huyo mtu kasema jambo la maana."

Lakini Daktari hakuwa anasikiliza tena. Kuna kitu kilikuwa kimempiga akilini. Kumi na mbili. Kadi kumi na mbili, zote safi, zimefungwa mpira mmoja. Na vile vikohozi nyuma ya kuta.

"Mama," alisema polepole. "Kadi za majirani nani alizijaza?"

Mama alisukuma gunia chini ya kichwa cha Mkwe.

"Mama, nani alipima ng'ombe wa mtaa huu?"

"Kipimo watu wa kituo chenu walitupa kimoja, wakasema nizunguke nacho mimi. Nikizunguka nikakuta wana homa. Sasa ningeandika wao wanaumwa, wangu mzima? Si wangekuja kumwangalia?"

Kumi na wawili wote! Hakukuwa na chupa za zamani zilizomwokoa mtu, au kama zilikuwepo zilikwenda kwingine, Bwana Lakini mwenyewe hajui. Mtaa mzima ulikuwa unaungua siku ya tano sasa, na Daktari alikuwa amepita na dawa zote tisa upande wa chini kwa sababu upande wa juu ulikuwa umeandikwa mzima kwa mwandiko wa mama yake.

Geti likagongwa, tena kwa ngumi.

"Mama Daktari! Toka nje!"

Ilikuwa sauti ya Mwalimu, yule mstaafu wa nyumba ya tatu, mwanamke ambaye amefundisha nusu ya mtaa kusoma na bado anawaangalia kama hawajanyoosha mkono. Nyuma yake watu kumi, kumi na watano. Fundi Baiskeli alikuwa amepiga simu huku na huku kueleza jinsi ng'ombe wake alivyodungwa dawa akafufuka. Ulimi ule!

"Mtaa wa Chini wamepewa dawa," Mwalimu alisema. "Sisi tumekaa na ng'ombe wanakohoa, tunaambiwa ni chanjo inafanya kazi. Ndama wangu amekufa sasa hivi, mkononi mwangu. Daktari yuko wapi?"

Daktari alinyanyuka. Alijifuta uso kwa mkono wenye povu. Alikuwa ameamua, na mimi nilimwona ameamua. Angesema yote, kifuniko, lebo, Mkuu na stoo.

"Nipo hapa," akasema akija mbele. "Sikilizeni. Mimi ndiye..."

"Mimi ndiye niliyeandika kadi," Mama akamkata, sauti imepanda hata kuku wakatawanyika. "Daktari hakujua. Niliwapimia nikaona homa, nikaandika hamna homa. Dawa zikaenda chini kwa sababu yangu. Msimguse mwanangu."

 Mwalimu alimtazama Mama juu mpaka chini.

"Uliniandikia wangu ni mzima?"

"Ndiyo."

"Ulikuja kwangu kila asubuhi. Ukanywa chai yangu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ng'ombe wetu wanakufa kwa ajili ya kalamu yako."

"Ndiyo, dada. Ni kalamu yangu."

"Si kweli!" Daktari alipiga kelele. "Si yeye! Jamani nisikilizeni..."

Nyuma ya nyumba Mkwe alitoa mlio ambao Daktari aliujua. Ukisikia mlio huo mara moja hutauliza tena ni nini. Mama naye aliusikia. Alimgeukia binti yake, akamshika mashavu yote mawili kwa viganja vyake.

"Mama mtu anakata roho kule nyuma," alisema taratibu, "na tumboni kuna ndama. Mimi nimesikiliza teke lake tangu asubuhi. Akifa mama, yule ana muda gani?"

"Dakika. Tano hivi. Mama, siwezi kukuacha ulibebe hili..."

"Nani hapa anajua kumtoa isipokuwa wewe?"

Hakuna. Daktari alizunguka kuangalia nyuso zile zote. Fundi wa nguo, mwenye duka, Mwalimu. Hakuna.

"Twende ofisi ya mtaa," Mwalimu alisema. "Utayasema haya mbele ya karatasi, utie sahihi."

"Nitatia," Mama akajibu. Akafunga kanga vizuri kiunoni, akatangulia yeye, bila kushikwa na mtu. Kundi lote likamfuata.

Daktari alisimama katikati ya uwanja. Huku geti, huku Mkwe. Akikimbia upande huu, atawahi kusema ukweli kabla kalamu haijagusa karatasi. Akikimbia upande ule, atawahi ndama. Hawezi vyote viwili, na kila sekunde aliyosimama ilikuwa inakula pande zote.

Mkwe akashusha pumzi ndefu. Hakuvuta nyingine.

Daktari alikimbilia nyuma ya nyumba. Akapiga magoti, akafungua mkoba, akatoa kisu. Chini ya ngozi, karibu na ubavu, kitu kilisukuma kwa nguvu, kikatulia, kikasukuma tena kwa unyonge. Barabarani nyayo zilikuwa zinakwenda mbali.

Akakata.

Alikuwa amefanya kazi hiyo mara nyingi, kwenye meza ya bati, na wasaidizi wawili. Sasa alifanya peke yake, magotini, anaongea na maiti. "Nisamehe, Mkwe. Nisamehe, vumilia kidogo." Mikono ikapita ndani mpaka viwikoni. Akapata ukwato mmoja. Akapata wa pili. Akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, na ndama akatoka akamwangukia mapajani, jike, wa moto, kamili kila kiungo.

Hakuwa anapumua.

Akamfuta pua. Akamning'iniza kwa miguu ya nyuma, akamtikisa, mikono ikamteleza, akamlaza. Akampulizia puani kwa mdomo wake. Akamsugua mbavu kwa shuka la Mama. Inahitaji watu wawili, mmoja kumnyanyua, mmoja kumsafisha koo. Hili nalo lilikuwa kwenye mwongozo, ule wa kuzalisha, kaliandika yeye.

"Mama!" aliita kwa nguvu zake zote. "Mama, njoo unishikie!"

Aliita tena na tena, huku anasugua. Uwanja ulikuwa mtupu na geti liko wazi, na mama yake alikuwa ameshafika mbali mno kumsikia.